Subaru ama Evo? Tulichukua Magari, Sheria Tukaziacha

Kila nikiweka picha ya gari hapa, hata kama ni Probox ya kubeba mayai, lazima wasee wawili wawashane. Mmoja anasema Subaru ndio baba lao. Mwingine anajibu ati Evo ilimalizana na Subaru kitambo. Kufika jioni wametusiana hadi wazazi, na ukichunguza, hakuna mwenye gari kati yao. Wote wawili wanapanda matatu ya Kitengela kama mimi.

Leo nataka tuongee hii maneno vizuri, kwa sababu naona tunapigania kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Na hapa kwetu, kwa hii barabara ya Namanga, kutojua huko kunazika watu.

Tuanze na historia, maana wengi wenu mlizaliwa vita vikiwa vimeisha.

Mwaka wa 1992 Subaru walitoa Impreza WRX. Mwaka huo huo Mitsubishi wakatoa Lancer Evolution ya kwanza. Haikuwa bahati. Sheria za mbio za magari za dunia wakati huo zilisema hivi: ukitaka kushindana na gari fulani, lazima kwanza utengeneze maelfu ya gari ya aina hiyo na uwauzie watu wa kawaida. Ndiyo maana gari ya familia yenye milango minne ikajikuta na turbo na nguvu inayofika magurudumu yote manne. Mwalimu anaweza kuipeleka kanisani Jumapili, lakini imezaliwa kwa sababu ya vumbi na mawe.

Na hayo mawe mengine yalikuwa yetu. Wajapani walianza kugombania vumbi la Safari Rally kabla wazazi wetu wengi hawajaoana. Joginder Singh alishinda na Lancer mwaka wa 1974 na tena 1976. Shekhar Mehta akachukua Safari mara nne mfululizo na Datsun, kutoka 1979 hadi 1982. Toyota wakaingia na Celica, na mwaka wa 1994 Ian Duncan wa hapa hapa Kenya akashinda nayo.

Mwaka huo wa 1994, nambari nne alikuwa Patrick Njiru ndani ya Subaru Impreza. Mwaka mmoja kabla, huyo huyo Njiru alikuwa amemaliza Safari nambari 12 na Subaru Vivio, kagari kenye injini ya 658 cc. Yaani injini ndogo kuliko za pikipiki kubwa. Kama umewahi kujiuliza kwa nini babako akisikia jina Subaru anasimama wima, hilo ni jibu moja. Aliona Mkenya mwenye jina kama la jirani yake akipita na vumbi nyuma, na gari ilikuwa ya buluu.

Halafu ikaja ile vita yenyewe. Angalia washindi wa Safari: 1996 Tommi Mäkinen, Mitsubishi. 1997 Colin McRae, Subaru. 1998 Richard Burns, Mitsubishi Carisma GT, ambayo ni Evo iliyopewa jina lingine. 1999 McRae tena, lakini sasa na Ford, kama mtu aliyeingilia ugomvi wa mke na mume. 2000 Burns, Subaru. 2001 Mäkinen, Mitsubishi.

Umeona kitu hapo? Burns alishinda na Mitsubishi, miaka miwili baadaye akashinda na Subaru. Mäkinen naye, baada ya kuwa mfalme wa Mitsubishi, mwaka wa 2002 akahamia Subaru. Madereva wenyewe walibadilisha timu kama watu wanaobadilisha kazi. Ni sisi tu, tena huku Kitengela, tumekataa kusameheana.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mwaka wa 1988 vifo vya barabarani Japan vilipita 10,000. Serikali ikaanza kuwaangalia watengenezaji wa magari vibaya. Kutoka 1989, kampuni zikakubaliana, bila sheria ya bunge wala nini, kwamba hakuna gari ya kuuzwa Japan itatangazwa kuwa na zaidi ya nguvu farasi 280. Mwendo nao ulikuwa unazuiwa ukifika kilomita 180 kwa saa. Ndiyo, baadaye wengine walidanganya kidogo, injini ilikuwa na zaidi ya kile kilichoandikwa. Lakini makubaliano yalisimama hadi 2004.

Fikiria ni kampuni mbili zinachukiana hivyo, zote zina injini ya lita mbili yenye turbo, na zote haziwezi kutangaza zaidi ya 280. Utamshindaje mwenzako? Huwezi kusema "yangu ina nguvu zaidi." Inabidi utafute mahali pengine.

Kwa hivyo wakatafuta. Mitsubishi, kwa Evo IV ya 1996, wakaweka mfumo kwenye difu ya nyuma unaogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ndio gari ikunje kona badala ya kuteleza moja kwa moja. Subaru nao wakampa dereva wa STI kidude cha kuchagua nguvu ngapi iende mbele na ngapi ibaki nyuma. Injini yao imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, kwa hivyo uzito unakaa chini. Evo V ikapewa breki za Brembo, STI nayo ikazipata. Miaka kumi na zaidi walishindana kwa kona, kwa uzito, kwa breki.

Hicho ndicho kitu hatukuambiwa. Sifa ya hizi gari si nguvu. Nguvu walikubaliana isipite hapo. Sifa yao ni kusimama na kukunja.

Nina anko wangu ambaye ni fundi hapa Kitengela. Gereji yake ni mabati, mti mmoja na jeki tatu, lakini Subaru na Evo zote hulala hapo. Nilimuuliza wateja wake vijana huwa wanataka nini. Akacheka.

"Wa kwanza anataka ekzosi ipige risasi. Wa pili anataka niongeze presha ya turbo. Wa tatu anataka ile bawa ya nyuma."

"Na breki, anko?"

"Kijana wangu, tangu nianze kazi hakuna mtu amekuja hapa akaniambia, fundi, nataka breki kama za Safari. Hiyo mimi ndiyo humwambia, na yeye huniambia mwezi ujao."

Sasa chukua hiyo gari, ilipe turbo presha zaidi, iachie breki padi zilizoisha na tairi za mitumba, halafu iweke Jumamosi saa sita usiku kati ya Kitengela na Isinya. Mnaijua hiyo barabara. Malori ya kwenda Namanga, malori ya simiti, bodaboda bila taa, punda, mlevi anavuka akiongea na simu. Na wasee wawili wanataka kumaliza ubishi ulioanza kwa simu.

Mimi nimeenda mazishi kwa sababu ya huo ubishi. Alikuwa mbele yangu madarasa mawili shuleni, na kwao na kwetu kunatenganishwa na duka moja. Hakuwa dereva. Hata leseni hakuwa nayo. Alikuwa kiti cha nyuma, amebebwa ndio achukue video. Mbele yao kulikuwa na lori limeharibika, limesimama bila taa. Evo ilipita. Subaru haikupita.

Watu walisema ni makosa ya lori, na kweli lori lilikosea. Lakini sikilizeni. Safari ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ilipita hata huku kwetu Kajiado, kule Oltepesi upande wa Magadi. Ng'ombe walikuwepo, punda walikuwepo, malori yalikuwepo. Tofauti ni kwamba timu kubwa zilikuwa na helikopta juu ya gari, kazi yake ni kumwambia dereva: mbele yako kuna ng'ombe, mbele yako kuna lori, punguza. McRae mwenyewe, na wazimu wake wote, alikuwa na mtu juu wa kumwambia punguza. Sisi tuna nani? Tuna mtu kiti cha nyuma anachukua video.

Mama ya huyo kijana bado anauza mboga pale stage. Mimi hununua sukuma kwake. Ekzosi ikipiga risasi kwa barabara, yeye huacha kukata sukuma hadi ile sauti iishe, ndio anaendelea. Sijawahi kumwambia kwamba ninaandika kuhusu magari.

Kwa hivyo mtu akiniandikia ati ninaharibu raha ya watu, namwelewa, lakini sirudi nyuma. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Japan walipoona vifo vyao, hawakuacha kutengeneza magari ya mbio. Walisema tupigane, lakini hapa tusipite. Na hapo ndipo zikatoka gari nzuri kuliko zote walizowahi kutengeneza. Mpaka haukuua ushindani. Mpaka ndio uliufanya uwe na akili.

Kuna kitu kingine ambacho timu Evo hamtaki kusikia. Evo iliisha kiwandani kitambo. Kufikia 2016 hadithi ilikuwa imefungwa. Hapa Kenya gari iliyozidi miaka minane haiingii bandarini. Piga hesabu. Evo zilizoko nchini ndizo hizo, hakuna nyingine inakuja. Kila moja inayokunjwa kwa lori imetoka kwa hesabu milele. Timu Subaru nanyi msicheke, kwa sababu mwaka wa 2022 Subaru walisema WRX mpya haitapata STI ya petroli. Na hata ukipata gari ya lita mbili inayoruhusiwa, ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, ongeza ushuru wa bidhaa asilimia 25, ongeza VAT 16. Hiyo doh utaitoa wapi? Hizi ni gari za kutunzwa kama ng'ombe wa mahari.

Na wakati sisi tunapigana, mwenye kushinda ni mwingine. Safari iliporudi kwa mashindano ya dunia mwaka wa 2021, pale Naivasha, Toyota walishinda. Wakashinda 2022, na nafasi nne za kwanza zote zikawa zao. Wakarudia hivyo hivyo 2023. Wakashinda 2024 na 2025 pia. Kila mwaka tunajaza Subaru, tunapasua ekzosi kutoka Kitengela hadi Naivasha, tunaegesha, halafu tunasimama kwa vumbi kushangilia Toyota Yaris. Hakuna Subaru ya kiwanda pale, hakuna Mitsubishi ya kiwanda. Hiyo vita waliifunga wenyewe. Mitsubishi waliondoka mwisho wa 2005, Subaru mwisho wa 2008.

Sisemi tuache magari. Mimi nayapenda kuliko vile ninapenda chapati. Ninasema tuchukue na ile nusu nyingine tuliyoacha: mpaka, na mahali pa kushindania. Athi River hapo, dakika chache tu kutoka kwetu, Whistling Morans wana uwanja. Klabu za mbio ziko, na kila shindano linahitaji watu wa kusimama kwenye kona na bendera. Huhitaji gari kufanya hiyo kazi, na utaona Evo ikikunja kona kwa karibu kuliko vile utawahi kuiona ukiwa kiti cha nyuma usiku. Na kaunti yetu, ambayo kila siku inaambiwa na vijana kwamba hatuna la kufanya, inaweza kuulizwa kiwanja kimoja cha vumbi, kilichozungushiwa ua, chenye ambulensi. Najua ardhi ya Kajiado ina wenyewe na ina ng'ombe wao. Tukiuliza kwa heshima, tutajibiwa. Bado hatujauliza.

Na mkitaka kujua, mimi ni timu Subaru, kwa sababu ya Njiru na ile Vivio. Lakini fundi akiniambia nichague kati ya turbo kubwa na breki mpya, nachukua breki, na hiyo nimejifunza kutoka kwa pande zote mbili.

Kwa hivyo kabla uniandikie ati Evo ndio kusema, fanya kitu kimoja. Muulize huyo msee anayekubebanga Jumamosi alibadilisha breki padi lini. Akisema mwezi ujao, shuka, panda matatu.