Chupa ya Mgeni na Mbege ya Mama

Huenda wengine wenu mtashtuka mkiona mwalimu anaandika habari za pombe. Si nia yetu kumsifu mlevi. Twakaa Temeke, na kila Jumamosi usiku twawasikia wapitao njiani wakigombana na kuta za nyumba za watu; tena twajua nyumba ambazo mshahara huishia kilabuni kabla ya unga kununuliwa. Habari hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na na watu wenye haki kuliko sisi. Leo twataka kusimulia habari ya chupa mbili tu, na neno lililotupata kwa sababu yake.

Chupa hizo zililetwa Kinondoni, nyumbani kwa mwalimu mwenzetu, na mgeni wake, mzee wa Kiingereza. Mzee huyo naye ni mwalimu, amestaafu. Zamani alifundisha katika nchi yetu, na Kiswahili chake chatutia haya baadhi yetu. Alizifunga chupa zake katika soksi za sufu zisije zikavunjika safarini. Alisema kwamba ni bia ya jadi ya kwao, waiitayo eli, ya namna ile ambayo chachu yake huachwa hai ndani ya chupa. Mwenyeji, kwa kutaka kumheshimu mgeni, alizitia katika friji tangu asubuhi. Saa nane umeme ukakatika, na hata jua lilipokuchwa ulikuwa haujarudi.

Tulipokwisha keti barazani mwenyeji akasema kwa huzuni, "Mzee, utuwie radhi. Bia imekuwa ya moto."

Mgeni akaishika chupa kwa viganja viwili, akacheka. "Mwalimu," akasema, "sasa ndiyo imefaa. Ingalitoka kwenye friji lako mchana, ningalingoja nusu saa."

Hapa yafaa tueleze kidogo. Katika baa zetu, mhudumu kabla hajaleta bia huuliza, "Ya baridi au ya moto?" Na ya moto si ya kuchemka, bali ni ile isiyotiwa katika friji. Vijana hutaka ya baridi kabisa, chupa itoke jasho. Wazee wengi huagiza ya moto, nasi huwacheka. Kumbe Waingereza wa jadi nao hukaa katikati ya hao wawili. Eli yao huwekwa katika ghala chini ya nyumba, penye nyuzi 11 hadi 13 hivi, ubaridi ambao mtungi mzuri wa maji huukaribia penye upepo mkavu. Mzee alituambia kwamba bia ikizidi baridi ulimi hufa ganzi, na mnywaji hajui tena anywacho.

Akaiinamisha bilauri, akamimina polepole sana, asiitikise chupa, kama mtu amwagaye mafuta ya taa katika kibatari. Akaacha chini kadiri ya kidole kimoja chenye mashapo. Rangi yake ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa, na povu lake dogo, si lile la kupanda juu na kumwagika mezani. Rafiki yetu akanyanyua bilauri yake mara moja, kiu imemshika. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Nuseni kwanza," akasema.

Tukanusa. Kwanza tulipata harufu ya mkate utokao tanurini. Kisha, tulipoizungusha bilauri, ganda la chungwa. Na nyuma yake kitu kama majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Akatuambia tuchukue funda dogo, tuliache mdomoni, lipite pande zote za ulimi, ndipo tumeze. Na tukishameza tusiseme neno, tungoje. Kweli, utamu wa nafaka ulitangulia, na uchungu ukaja baadaye, pole pole, kooni, ukakaa. Haikuwa kali. Mzee alisema bia nyingi za namna hii kilevi chake ni sehemu 4 katika 100, au karibu na hapo, maana zilikusudiwa watu waketi na kuongea jioni nzima.

Lakini sisi wakati ule hatukuwa tukimsikiliza vema. Neno lile, "Nuseni kwanza," lilikuwa limetupeleka mbali. Ni neno la mama yetu.

Mama yetu ni mzaliwa wa Kilimanjaro, naye aliletwa Temeke na ndoa. Baba alipofariki, sisi tukiwa darasa la nne, hakuwa na shamba wala cheti. Alikuwa na masufuria mawili makubwa, na ujuzi alioupata kwa mama yake. Akapika mbege. Wengi wa pwani huiona katika vikombe vya plastiki wakadhani ni uji uliochacha, basi na tuwaeleze ilivyo kazi yake. Ndizi mbivu huchemshwa hata ziwe nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zichujwe. Mbali na hizo, ulezi huloweshwa ukaota, hukaushwa juani, husagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea hupikwa uji pamoja na magome ya mti uitwao msesewe, yaliyo machungu kama kwinini. Uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake pombe i tayari. Magome hayo mama aliyapata kwa basi la kutoka Moshi, yamefungwa katika gazeti. Akizidisha, wateja hukunja uso. Akipunguza, mbege huwa tamu ya kitoto, tena huharibika upesi. Hakuwa na mizani. Aliyavunja kwa mkono, akanusa sufuria, akaongeza kidogo au akaacha.

Naye ndiye alionja kabla ya mtu yeyote. Na mteja akija mbio, kijana atokaye kazini, akataka kuimwaga kooni kama maji ya bomba, mama alimwambia, "Nusa kwanza, baba. Haikimbii."

Kwa mbege hiyo tulisoma. Tulipofika kidato cha pili, katika shule ya bweni ya misheni, palikuwa na siku ya wazazi. Pombe ilikuwa marufuku pale, na waipikao walitajwa pamoja na wezi. Mwalimu mmoja, tena bila nia mbaya, alituuliza mbele ya wanafunzi wengine mama yetu afanya kazi gani. Tukajibu, "Auza ndizi." Mama alikuwa hatua tatu nyuma yetu, amevaa khanga mpya, naye alisikia. Akafungua fundo la khanga, akalipa ada. Na noti zile zilinuka kimea. Hakutuuliza neno siku ile, wala baada ya siku ile, na sasa imepita miaka kama ishirini.

Turudi barazani. Mzee alipoona tumependezwa alianza kusimulia, na mwalimu mstaafu akianza hanyamazi upesi. Akasema eli ni shayiri iliyooteshwa, yaani kimea kama chetu cha ulezi, na uchungu wake watoka katika maua ya mmea utambaao, hopsi kwa jina. Hapo zamani Waingereza hawakuutia katika eli yao. Walitia majani mengine, au hawakutia kitu. Bia yenye hopsi ililetwa kwao kutoka ng'ambo ya bahari yao ndogo, na katika karne ya 15 ikaanza kuenea. Na wapishi wa eli siku zile, akasema, walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa, majumbani mwao, nao waliuza ile iliyozidi mahitaji ya nyumba. Miji iliweka watu maalumu wa kuionja, kuona kama ni nzuri na kama yauzwa kwa bei ya haki. Katika mji wa Stratford, mwaka 1556, kazi hiyo alipewa mtu mmoja jina lake John Shakespeare. Huyo ndiye baba yake William.

Jambo hili lilitushangaza kuliko yote. Sisi tulimsoma Shakespeare kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, katika Julius Caezar aliyemtafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Tumefundisha maisha yake kwa miaka minane. Hakuna aliyetuambia kwamba baba yake alitembea nyumba kwa nyumba akionja pombe za akina mama.

Tukamwuliza mbona bia ya namna hii hatukuizoea. Akatukumbusha kwamba bia nyingi za viwanda vyetu ni laga, ambayo chachu yake hufanya kazi katika baridi, kwa majuma kadhaa, na kutulia chini ya pipa. Hali ya eli huchachuka katika joto la kadiri, kwa siku chache, chachu ikipanda juu. Wazungu wa Nairobi walianza kiwanda chao mwaka 1922, na hapa Dar es Salaam kilianzishwa kimoja mwaka 1933. Laga ikaja ikatawala huko na huku. Nchi za joto hupenda kitu cha baridi, wala hatuwalaumu watu. Sisi wenyewe tukitoka Mbagala kwa daladala saa tisa mchana hatutafuti ghala la Kiingereza. Hata Uingereza kwenyewe eli hai ilikaribia kupotea, viwanda vikubwa vikiichuja, vikiua chachu yake na kuisukuma kwa hewa ya mitungi, hata mwaka 1971 watu wanne wakaanzisha chama cha kuitetea, nacho kikakua kikawa na watu maelfu kwa maelfu. Maana eli hai ni taabu kuitunza. Pipa likishafunguliwa, siku tatu tu, imeharibika.

"Siku tatu," tukasema moyoni. Mbege ya mama haifiki hata hizo.

Ndipo mzee akatugeukia akauliza, "Je, Mwalimu, hapa kwenu haipo pombe ya jadi ambayo bado i hai hivi?"

Rafiki yetu akatutazama. Yeye ajua, amekwisha kunywa kwa mama yetu mara nyingi. Nasi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, tukafungua kinywa tukasema, "Zipo, Mzee. Huko vijijini."

Rafiki yetu akainamisha macho katika bilauri yake.

Wakati wa kuagana mzee alitupa ile chupa ya pili. Usiku ule hatukulala vema. Kesho yake, baada ya masomo, tukaenda kwa mama, Tandika. Sasa hapiki kwa biashara kubwa. Ana wateja wake wachache, wazee wa nyumbani wajuao siku ya kuja. Tukamweleza kwamba hii ni pombe ya Kiingereza, tena yatakiwa isiwe baridi sana. Akaitia chupa katika maji ya mtungi wake, akaendelea kuchambua mchele. Alipoona imefaa tulimmiminia kama tulivyofundishwa, naye akatutazama mkono muda wote.

Akanusa. Akanusa tena. Akanywa funda, akanyamaza.

"Wana msesewe wao," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni maua."

"Kaipika nani?"

Tukamwambia ni kiwanda. Akatikisa kichwa. "Kiwanda hakina pua. Yuko mtu aliyeionja, akasema haya, itoke." Akanywa tena, akaona mashapo chini ya chupa, akataka ayamiminiwe hayo pia, maana kwake kuyaacha ni upotevu. Kisha akauliza, "Na huyo mzee, hakutaka kujua yetu?"

Tukamwambia kweli: kwamba aliuliza, na sisi tulivyomjibu. Hatukuweza kumtazama. Twadhani alijua hatusemi habari za jana peke yake.

Akakaa kimya kwa muda. Akaisuuza bilauri, akaifunika juu ya kichanja. Ndipo akasema, "Ulezi nimekwisha kuusaga, na ndizi zina siku ya tatu. Nitachanganya Jumamosi. Jumapili mchana ndiyo yenyewe. Mwambie asichelewe, Jumatatu itakuwa kali."

Tukatoka uani, tukampigia mzee simu. Tukamwambia, "Mzee, lile swali lako la jana tulikujibu vibaya. Mama yetu hupika."