Kidonda cha Bwana Shamba

Mimi ni bwana shamba. Kila mwaka nawafundisha wafugaji kuhasi madume na kutunza vidonda vyao. Lakini mwaka 2019 kidonda changu mwenyewe kilinishinda.

Nilikuwa na ngiri. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda hospitali nilinyoa nywele za chini ya tumbo kwa wembe. Nilidhani ni usafi. Muuguzi alipoona hakufurahi. Alisema wembe hukwaruza ngozi, na vijidudu huingia katika mikwaruzo hiyo. Nywele zikiwa zinazuia kazi, wao wenyewe huzipunguza kwa mashine. Mimi nilitakiwa kuoga kwa maji na sabuni tu.

Nilipasuliwa salama. Nikaambiwa kidonda kikae kikavu, nisinyanyue mzigo, nirudi siku ya nane kutolewa nyuzi. Siku ya tano nilikuwa shambani. Mvua zilikuwa karibu, nami nilitaka kuwahi kupanda. Jasho na vumbi viliingia ndani ya bendeji. Jioni kidonda kilikuwa chekundu, kimevimba, cha moto, tena kinauma kuliko jana yake. Maji ya njano yalitoka kati ya nyuzi.

Ningerudi hospitali saa ile ile. Badala yake nilinunua dukani kapsuli za rangi mbili. Nikafungua moja, nikamwaga unga wake juu ya kidonda. Wengi wetu hufanya hivyo. Unga ule uliganda, ukawa gamba. Usaha ukabaki chini yake.

Usiku wa siku ya saba nilitetemeka kwa homa. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kidonda kinanuka. Kukikucha tu tunakwenda."

Daktari alikata nyuzi tatu. Usaha mwingi ulitoka. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, akakiacha wazi, akakijaza shashi safi. Nilipewa na dawa za kumeza, kwa sababu nilikuwa na homa. Nikazimaliza zote.

"Dawa peke yake isingetosha," alisema. "Usaha lazima upate njia ya kutoka." Kisha akaniuliza, "Bwana shamba, dume akishahasiwa unamwacha alale kwenye matope?"

Sikuwa na jibu.

Kidonda kilifungwa upya kila siku kwa wiki nne. Muuguzi hakukigusa kabla ya kunawa mikono, na mke wangu akajifunza hivyo hivyo. Mvua zilikuja. Shamba langu lilipandwa nusu, na waliopanda ni majirani. Mbuzi wawili tuliuza.

Baadaye jirani mmoja alijifungua kwa upasuaji. Siku ya tisa mshono wake ukawa mwekundu, ukaanza kutoa maji. Mumewe alikuja kwangu kuuliza kama ninazo zile kapsuli za rangi mbili. Sikumjibu. Nilikwenda barabarani kutafuta pikipiki.