Ramani Ikibandikwa, Tuisome



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika parokia moja ya pembezoni mwa Temeke, mbele ya Mbagala, ambako lami inakatika na mihogo bado inaota kati ya nyumba za matofali. Nilijiandaa kwa maswali ya Sakramenti na Maandiko Matakatifu. Yalikuja, lakini swali lililonifuata karibu kila jumuiya ndogo ndogo lilikuwa jingine: "Frateri, wapimaji wameshafika. Shamba letu litakuwa nini?"

Naandika juu ya swali hilo kwa sababu wengi wetu seminarini tutatumwa kwenye parokia za namna ile, na wasomaji wengi wa jarida hili wanaishi humo.

Kwanza tukumbuke mashamba hayo yalifikaje ndani ya jiji. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu karibu 273,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Vijiji vingi vya Wazaramo, vyenye minazi, mikorosho na miembe yake, havikuhamia mjini. Mji ndio uliovifuata. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulitengenezwa kwa kipindi cha miaka 20, lakini nyumba zikaenda mbio kuliko michoro. Na katika miaka hiyo hiyo Serikali yenyewe iliwahimiza watu wa mjini washike jembe. Wazee bado wanaikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975. Hata kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikiruhusu kilimo hicho, kwa sharti kwamba mtu asizidishe ekari tatu. Kwa hiyo mkulima tunayemkuta leo nyuma ya kituo cha daladala si mvamizi. Mara nyingi yeye ndiye aliyetangulia.

Kisha ukaja wakati wa viwanja. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, na maeneo kama Toangoma, Kibada, Bunju na Mbweni yakabadilika sura. Baada yake umekuja urasimishaji, ambapo makazi yaliyojengwa bila mpango yanachorewa mchoro na kupimwa ili watu wapate hati. Leo upangaji huu unaongozwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Mchoro huigawa ardhi kwa matumizi: hapa makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa eneo la wazi, hapa ibada, hapa makaburi, hapa barabara. Waumini wengi niliozungumza nao walidhani kwamba kumiliki shamba kunatosha. Kumbe mtu anaweza kubaki mmiliki halali, na bado matumizi ya ardhi yake yakabadilika kwenye karatasi iliyo ukutani mwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Ndivyo ilivyomtokea bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane, mwenye shamba la kama ekari moja na nusu. Alilima mihogo na mchicha, na chini ya mwembe mkubwa wamelala mume wake, wakwe zake na mtoto wake mmoja. Mchoro ulikuwa umebandikwa kwa majuma kadhaa. Siku moja baada ya sala za jumuiya aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Twende ukanisomee ile karatasi." Tulikwenda na mjukuu wake. Tulitumia muda kupata shamba lake, maana mchoro haukuwa na mwembe wala kisima cha jirani. Ulikuwa na namba tu. Tulipolipata, tuliona barabara imepita katikati, na mstari wake ukaangukia pale pale palipo na makaburi. Aliyechora hakuwa na chuki naye. Makaburi yale yana misalaba ya mbao, na misalaba mingine imeshaanguka. Aliyepita haraka asingeyaona.

Hapo nilijifunza jambo kuhusu sheria zetu za kulinda ya kale. Mimi ni mzaliwa wa Kinondoni, na tangu utoto nayafahamu magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe wa karne nyingi zilizopita na makaburi yenye nguzo, ambayo mengine yalipambwa kwa bakuli za kauri za China. Magofu yale yana sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na hata makaburi ya kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mengine kuwa kumbukumbu ya taifa. Ni sheria nzuri. Lakini mume wa bibi yule alizikwa mwaka 1994. Kwa kipimo cha umri, kaburi lake halina historia. Kwa kipimo cha familia yake, ndilo linaloeleza kwa nini wapo mahali pale.

Hata hivyo wafu wa karibu hawakusahauliwa kabisa. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inasema kwamba ardhi yenye makaburi ikihitajika kwa manufaa ya umma, lazima taarifa itolewe, na fidia iguse gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za ibada au matambiko yanayohitajika. Nilipomweleza bibi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo Serikali inajua kwamba marehemu wanahitaji kuombewa?" Nikamjibu kwamba kwa namna yake, ndiyo.

Lakini sheria hiyo haifanyi kazi kwa kaburi ambalo halionekani kwenye mchoro. Mtu lazima aseme. Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, bibi alisimama. Hakuongea kwa hasira. Alitaja majina ya marehemu wake mmoja mmoja, na mwaka aliozikwa kila mmoja. Majirani wawili Waislamu wakasimama baada yake wakasema nao wana makaburi upande wa pili wa njia. Afisa mipango miji aliandika. Baada ya siku chache walikuja kuangalia, na barabara ikasogezwa kiasi cha kuyaacha makaburi, yakaoneshwa kwenye mchoro kama makaburi.

Nisimwongopee msomaji: shamba halikubaki shamba. Sehemu moja imetolewa kwa barabara, kama majirani wengine walivyotoa, na iliyobaki imekuwa viwanja vya makazi. Bibi atapata hati, wajukuu watajenga, na mchicha ataununua sokoni kama sisi wengine. Barabara nayo inahitajika. Gari la wagonjwa haliwezi kupita katikati ya mihogo. Sidai kwamba kila shamba lingelindwa lisiguswe. Ninachosema ni kwamba kilichookolewa kiliokolewa kwa sababu mtu alisoma na akasema kwa wakati. Bikoni zikishasimikwa na hati zikishatoka, kubadilisha ni kazi ya miaka na fedha.

Tunapofundishwa habari ya shamba la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kwa kawaida tunamtazama Ahabu na Yezebeli. Baada ya mwaka ule ninawatazama zaidi wazee wa mji wa Yezreeli. Ahabu alitoa bei, tena aliahidi shamba jingine bora zaidi, na Nabothi akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Kisha zikaja barua zenye muhuri. Wazee walizisoma, wakamjua Nabothi kuwa jirani yao, wakatekeleza. Hakuna hata mmoja aliyesimama mkutanoni kuuliza. Karatasi yenye muhuri haikosi kutufikia nasi, na nyingi kati ya hizo ni halali na zina nia njema. Lakini hata karatasi halali inahitaji jirani atakayesema, "Hapa kuna makaburi."

Nasi kama Kanisa tuwe wakweli, maana tunanunua ardhi pia. Parokia niliyokuwapo ilinunua shamba kwa ajili ya kigango kipya. Baadhi ya wajumbe wa halmashauri ya walei walitaka msingi uchimbwe mara moja, kabla ya Pasaka. Paroko akakataa mpaka ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi liwasilishwe na majirani wapewe nafasi ya kusema. Mzee mmoja alinung'unika, "Padre, hii ni nyumba ya Mungu." Paroko akamjibu, "Ndiyo maana, mzee wangu. Isianze kwa kumruka jirani." Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliweka utunzaji wa historia na utamaduni wa mahali pamoja na utunzaji wa mazingira, akataka wenyeji washirikishwe katika mipango ya makazi yao. Tukiyahubiri hayo, tuanze na kiwanja chetu.

Napendekeza jambo moja ambalo parokia yoyote ya pembezoni inaweza kulifanya bila bajeti kubwa. Kila Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tunabariki makaburi. Tukiwa kwenye kazi hiyo, katibu wa kila jumuiya achukue daftari na aandike makaburi ya familia yaliyo mashambani: jina la marehemu, mwaka, jina la mwenye shamba, na alama ya karibu. Kisima cha zamani, mti wa mkutano au nyumba ya mawe ya mababu viandikwe pia, na makaburi ya majirani wasio Wakatoliki yasiachwe. Nakala moja ibaki ofisi ya parokia, nyingine ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa na kusainiwa kuwa imepokelewa. Na mchoro wowote ukibandikwa, utangazwe kwenye matangazo ya Jumapili pamoja na ndoa na michango, na wenye macho mazuri wawasindikize wazee kwenda kuusoma.