Kwa Miguu katika Mji wa Pisa: Toka Mnara Ulioinama hadi Makaburi ya Waliokufa Kindu

Wanafunzi wengi wamekwisha kuona kitabuni picha ya mnara ulioinama kama mtu anayetaka kuanguka. Mnara huo uko Pisa, mji wa Italia ulio kando ya mto Arno, si mbali na bahari. Wageni wengi hushuka garini, hupigwa picha wakinyosha mikono kana kwamba wanauzuia mnara usianguke, kisha huenda zao. Hao wameona mnara tu, mji hawakuuona. Sisi twende polepole, toka kaskazini hata kusini. Mwendo wenyewe ni kilometa tatu au nne tu, lakini mwishoni tutakuta jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Kongo.

Uwanja wa Miujiza

Tuanze kwenye uwanja mpana wenye majani mabichi, ambao watu huuita Uwanja wa Miujiza. Hapo yamesimama majengo manne ya marumaru nyeupe: nyumba ya ubatizo, kanisa kuu, mnara wa kengele na makaburi. Ukiyatazama vema, utaona kwamba yanafuata maisha ya mkristu: anabatizwa, anaitwa na kengele, anasali pamoja na wenziwe, na mwisho anazikwa.

Kanisa kuu lilianza kujengwa katika miaka ya 1060, na fundi mkuu wake aliitwa Buscheto. Siku zile Pisa ilikuwa na merikebu nyingi, nayo ilipigana na Waarabu wa Palermo. Mali iliyotekwa huko ilisaidia kulipa kazi. Papa Gelasius II alilitabaruku mwaka 1118. Ndani yake mna mimbari ya marumaru iliyochongwa na Giovanni Pisano kati ya mwaka 1302 na 1310. Mwaka 1595 kanisa liliungua, na baada ya moto mimbari ikavunjwa vipande, vikawekwa kando. Ilisimamishwa tena mwaka 1926 tu, baada ya miaka zaidi ya 300.

Humo pia umelazwa mwili wa mtakatifu Ranieri, msimamizi wa mji. Hakuwa padri wala askofu. Alikuwa mtoto wa mfanya biashara tajiri, kijana wa nyimbo na karamu, ambaye aliacha mali yake akaenda kuhiji katika Nchi Takatifu. Alikufa yapata mwaka 1160. Kila tarehe 16 Juni usiku, mkesha wa sikukuu yake, watu wa Pisa huwasha maelfu na maelfu ya taa ndogo kwenye nyumba zilizo kando ya mto, maji yote yakang’aa.

Nyumba ya ubatizo ni ya mviringo. Fundi Diotisalvi aliianza mwaka 1152. Galileo Galilei, yule mtaalamu wa nyota, alizaliwa Pisa mwaka 1564, akabatizwa humo. Mlinzi akisimama katikati na kuimba sauti chache, kuta huzirudisha zikapatana, hata ungedhani kundi zima la waimbaji linamwitikia.

Mnara na udongo wake

Sasa tuukaribie mnara. Ulianza kujengwa mwaka 1173. Mafundi walipofika ghorofa ya tatu, upande mmoja ulianza kuzama, maana ardhi ya Pisa ni udongo laini na mchanga ulioletwa na maji, na misingi yao haikushuka chini sana. Kisha kazi ikakoma karibu miaka 100. Kukoma huko ndiko kulikouokoa mnara, kwa sababu udongo ulipata nafasi ya kushikana chini ya uzito. Kama wangeendelea kwa haraka, ungaliporomoka.

Mafundi wengine walirudi mwaka 1272. Walijaribu kusahihisha kosa kwa kujenga ghorofa za juu ndefu zaidi upande uliozama. Kwa hiyo mnara haukuinama tu, umepinda pia kidogo kama ndizi. Chumba cha kengele kilimalizika yapata mwaka 1372. Basi kazi nzima ilichukua miaka 200 hivi, na aliyeweka jiwe la kwanza hakuona la mwisho.

Mnara uliendelea kuinama mwaka kwa mwaka. Mwaka 1934 watu walitoboa misingi, wakamiminia saruji nyingi ndani yake; badala ya kupona, ukainama zaidi. Mwaka 1989 mnara mwingine, wa mji wa Pavia, ulianguka ghafula ukaua watu wanne. Watu wa Pisa wakaogopa, na mwezi wa Januari 1990 mlango wa mnara ukafungwa. Wataalamu walifanya kazi miaka 11. Kwanza waliweka mizigo mizito ya risasi upande wa kaskazini. Halafu wakaingiza mabomba membamba chini ya upande huo huo, wakatoa udongo kidogo kidogo, hata mnara wenyewe ukarudi nyuma karibu sentimeta 40. Ulifunguliwa tena Desemba 2001. Hawakutaka kuunyosha kabisa, ilitosha usianguke.

Wazazi watafahamu upesi fundisho la kazi hiyo. Hawakuusukuma mnara kwa nguvu pale ulipoinama. Waliupunguzia udongo upande wa pili kwa uvumilivu, wakaungoja urudi wenyewe.

Makaburi na minyororo

Jengo la nne huitwa Camposanto, yaani Shamba Takatifu. Lilianzishwa mwaka 1278, na watu wa Pisa husimulia kwamba udongo wake uliletwa na merikebu toka Kalvario. Ukutani palichorwa picha kubwa ya Ushindi wa Mauti, kazi ya Buffalmacco: mabwana na mabibi waliopanda farasi wanakutana ghafula na majeneza matatu yaliyo wazi. Tarehe 27 Julai 1944, wakati wa vita, kombora lilianguka juu ya paa. Mbao zikashika moto, risasi iliyofunika paa ikayeyuka, ikatiririka juu ya picha. Mafundi walikusanya mabaki, wakayatengeneza kwa miaka na miaka. Ushindi wa Mauti ulirudishwa mahali pake mwaka 2018.

Ukutani humo imetundikwa pia minyororo ya chuma iliyofunga bandari ya Pisa zamani. Watu wa Genova waliwashinda watu wa Pisa baharini mwaka 1284, na miaka michache baadaye wakavunja bandari yao, wakaichukua minyororo hiyo na kuitundika kwao kuwa alama ya ushindi. Ilikaa huko karne nyingi. Lakini mwaka 1860, Italia ilipokuwa ikifanywa nchi moja, Genova iliirudisha kwa hiari yake. Hivyo alama ya aibu ikawa alama ya upatanisho.

Kuvuka mto

Tutoke uwanjani, tuingie njia nyembamba za mji mpaka Uwanja wa Mashujaa wa Farasi, uitwao Piazza dei Cavalieri. Giorgio Vasari aliutengeneza upya tangu mwaka 1562. Nyumba yake kubwa ni Scuola Normale, shule ya juu iliyoanzishwa na Napoleon mwaka 1810. Vijana huingia kwa mtihani mkali, lakini wakishinda, mafunzo hawayalipii. Enrico Fermi, mtaalamu wa atomu, alisoma humo. Ng’ambo ya uwanja ndipo ulipokuwa Mnara wa Njaa. Bwana Ugolino alifungiwa humo pamoja na wanawe wawili na wajukuu wawili, akafa njaa mwaka 1289. Dante alimtaja katika mashairi yake. Uwanja mmoja unakumbusha ukatili wa watu na bidii yao ya kujifunza.

Tukishika njia ya Borgo Stretto, chini ya matao ya maduka, tutafika mto Arno. Madaraja ya mji yalivunjwa na vita mwaka 1944; Daraja la Kati tunalovuka sasa limejengwa tangu siku hizo. Ng’ambo, kando kabisa ya maji, liko kanisa dogo zuri, Santa Maria della Spina, lililopata jina lake kwa sababu lilitunza mwiba uliosemwa kuwa wa taji la Yezu. Maji ya mto yalikuwa yakilila kanisa hilo. Mwaka 1871 mafundi walilibomoa na kulijenga tena mahali palipoinuka zaidi.

Waliokufa Kindu

Tupite stesheni ya gari la moshi, tuendelee kusini mpaka uwanja wa ndege. Mlangoni pake pana kanisa la ukumbusho ambalo wageni wachache tu huingia. Jina linalotajwa hapo si la mji wa Italia. Ni Kindu, Kindu yetu ya Maniema, kando ya Lualaba.

Mwaka 1961 nchi ya Kongo ilikuwa katika taabu kubwa. Uhuru haujatimiza miaka miwili, Katanga ilikuwa imejitenga, na Umoja wa Mataifa, yaani ONU, ulikuwa umeleta askari wa mataifa mengi. Kikosi cha ndege cha Pisa kilipewa kazi ya kuchukua mizigo. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege zake mbili zilitua Kindu, zikiwaletea vifaa askari wa Malaya waliokuwa huko kwa jina la ONU. Waitalia walikuwa 13, mmoja wao daktari. Hawakuwa na silaha. Askari wa Kongo waliokuwa Kindu waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga. Wakawakamata walipokuwa wakila chakula cha mchana, wakawaua wote.

Miili yao ilirudishwa Pisa mwaka 1962. Watu wa Italia walitoa michango, kanisa likajengwa, na humo wamelazwa.

Sisi hatuwezi kusema kwamba habari hii ni ya Wazungu tu. Wanaume 13 waliondoka kwao, wakaacha wake, watoto na wazazi, wakafa katika nchi yetu kwa sababu ya neno lisiloulizwa vizuri: «Ninyi ni nani?» Wakongomani wengi sana nao walikufa katika miaka ile kwa dhana kama hiyo, kwa sababu ya kabila au lugha tu, na walio wengi hawana hata jiwe lenye jina.

Basi, mtoto wa Kongo akisafiri Ulaya kwa masomo au kwa kazi, na akifika Pisa, autazame mnara, kwa kuwa ni kazi ya ajabu. Lakini asipande ndege ya kurudi kabla hajaingia kanisa lile, akapiga magoti, akawaombea hao 13, na pamoja nao marehemu wa nyumbani kwake. Mji uliorudishiwa minyororo yake na adui wa zamani utafahamu sala ya mgeni huyo.