Mkunjo na Mizani

Karatasi ikishikwa ukingoni hulala. Ikikunjwa mara moja tu katikati, husimama, ilhali haikuongezewa chochote. Siri hiyo anaijua kila fundi bati. Na bati la mawimbi juu ya paa halina nguvu nyingine ila migongo yake.

Siri iyo hiyo ilifika mwezini. Katika miaka ya 1960, huko Bethpage, jimbo la New York, kampuni ya Grumman ilikuwa ikiunda chombo cha kuwateremsha wanaanga wa Apollo. Thomas Kelly, msanifu mkuu, na wenzake wakakuta kimezidi uzito. Na kila kilo ya kushuka mwezini na kupaa tena ilidai kilo kadhaa za fueli. Viti vikaondolewa, wanaanga wakasimama, madirisha yakapunguzwa, ukuta wa chumba chao, mahali pengine, ukabaki na unene wa milimita 0.3 hivi.

Mitambo ya vyombo vya anga nayo yataka kushikiliwa. Aghalabu kishikilio hukatwa katika bamba jembamba la alumini. Kingo zake hukunjwa, katikati pakatobolewa matundu, na midomo ya matundu ikakunjwa pia, ili nguvu irudi palipoondolewa uzito. Lakini mkunjo una adabu zake. Ukikazwa mno, bamba hupasuka kwa nje. Tena bamba lina mkondo wake, ulioachwa na rola za kiwandani. Mkunjo ukienda sambamba nao, ufa huja upesi. Na roketi inapoondoka hutikisa kila kitu: kishikilio kilegevu kikiitikia mtikisiko huo, hutetemeka hata kikavunjika. Kupunguza si kazi. Kazi ni kujua pa kukomea. Mtunzi wa shairi anaijua mizani hiyo: neno la ziada huuzamisha mshororo, na lililopungua huuvunja.

Mwezi wa Aprili 1970, tangi la oksijeni liliripuka katika Apollo 13, njiani kuelekea mwezini. Wanaanga 3 wakakimbilia chombo cha kutua, Aquarius, kilichokusudiwa watu 2 kwa siku 2 hivi. Kikawahifadhi kwa takriban siku 4, na baina yao na utupu hapakuwa na kitu ila ule wembamba uliopimwa kule Bethpage. Tarehe 17 walikitenga, kikaungua angani. Wao wakashuka baharini wazima.