Milango ya Mahekalu ya Kusini mwa Bara Hindi

Msomaji akaaye Mombasa, Kisumu au Nairobi bila shaka amepata kuliona hekalu la Wahindu. Mengi ya mahekalu hayo yalijengwa na watu wenye asili ya Gujarati, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Lakini Bara Hindi ni nchi kubwa, na kila jimbo lina mahekalu ya namna yake na miungu ipendwayo zaidi na watu wake. Hapa twataka kuyatazama mahekalu matatu ya kusini, na habari za watu waliokatazwa kuyaingia.

Pwani ya kusini-magharibi, ambayo wanamaji wa zamani waliijua kwa jina la Malibari, leo ni jimbo la Kerala. Ni nchi ya minazi, mpunga na pilipili manga. Katika mji wa Thiruvananthapuram, ambao Waingereza waliuita Trivandrum, liko hekalu la Padmanabhaswamy. Juu ya lango lake la mashariki umesimama mnara wa orofa saba, kimo chake kiasi cha futi 100. Mungu wa humo ni Vishnu, ambaye kwa imani ya Wahindu ndiye mhifadhi wa ulimwengu. Sanamu yake, yapata futi 18 kwa urefu, imelala juu ya nyoka Ananta, na kitovuni pake limechipua ua la yungiyungi ambalo juu yake ameketi Brahma, muumbaji. Haiwezekani kuiona yote kwa mlango mmoja. Basi iko milango mitatu: wa kwanza waonyesha kichwa, wa pili kitovu na lile ua, na wa tatu miguu.

Mwaka 1750 Mfalme Marthanda Varma wa Travancore aliukabidhi ufalme wake wote kwa mungu huyo, na tangu hapo yeye na warithi wake walitawala kwa jina la watumishi wake. Hata hivyo, raia wengi wa nchi hiyo hawakuwa na ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mwenye nchi. Waezhava, ambao wengi wao walikuwa wakulima na wagema tembo, na Wapulaya, waliolima mashamba ya mpunga ya watu wengine, walihesabiwa kuwa ni wenye unajisi. Walikatazwa hekalu, na mahali pengi walikatazwa hata njia zipitazo kando yake.

Mwaka 1888, huko Aruvippuram, mwalimu mmoja Mwezhava aitwaye Narayana Guru alitwaa jiwe katika mto Neyyar, akalisimamisha ukingoni liwe Shiva wa kuabudiwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Wabrahmani peke yao. Alipoulizwa ameifanya kwa idhini gani, alijibu kwamba Shiva aliyemweka ni Shiva wa Waezhava.

Kaskazini zaidi, katika mji wa Vaikom, liko hekalu la Shiva lenye njia pande zake zote nne. Tarehe 30 Machi, 1924, watu watatu waliziendea njia hizo zilizokatazwa: mmoja Mpulaya, mmoja Mwezhava, na mmoja Mnair wa tabaka ya juu. Polisi wakawakamata, kesho yake wakaja wengine. Mafuriko ya mwaka ule yalipofunika njia, walisimama majini wala hawakuondoka. M. K. Gandhi alifika Machi 1925 kusemezana na wakuu wa hekalu. Mwisho wa mwaka huo njia tatu zilifunguliwa kwa watu wote, lakini ya mashariki ikabaki imefungwa.

Iliwapasa kungoja miaka 11 zaidi. Tarehe 12 Novemba, 1936, Maharaja Chithira Thirunal, kijana wa miaka 24, alitoa tangazo kwamba kila Mhindu aruhusiwe kuingia katika mahekalu yaliyo chini ya serikali yake.

Ng'ambo ya milima, katika nchi ya Watamil, uko mji wa Madurai. Hekalu lake lina minara 14 iliyojaa sanamu za rangi, na ule wa kusini wapata futi 170. Hapo huabudiwa Meenakshi, maana yake mwenye macho ya samaki, pamoja na mumewe Shiva, na kila mwaka, Aprili au Mei, watu wengi mno hukusanyika kuiadhimisha harusi yao. Tarehe 8 Julai, 1939, A. Vaidyanatha Iyer, mwanasheria ambaye mwenyewe alikuwa Mbrahmani, aliwaongoza watu wa tabaka zilizokatazwa mpaka ndani. Mwaka ule ule serikali ya Madras ilitunga sheria ya kulithibitisha jambo hilo.

Katiba ya India ya mwaka 1950 iliharamisha kabisa kumtenga mtu kwa kudai ana unajisi. Tangu jiwe la Aruvippuram hata siku hiyo ilikuwa imepita miaka 62. Leo mjukuu wa mgema aweza kuvaa shuka yake, akapita chini ya mnara wa orofa saba, na kusimama mbele ya ile milango mitatu. Yafaa akumbuke kwamba kabla ya Maharaja kutia sahihi, walikuwako watu waliosimama majini.