Harufu Ina Saa Yake

Fundi mmoja alizaliwa Kisii, akasomea umeme Nairobi, akahamia Minnesota akiwa kijana. Mwaka huu amestaafu ufundi wa matanuri ya gesi, yale yanayokaa besimenti na kusukuma hewa ya moto vyumbani. Utotoni hakawii. Anayetaka asisahaulike asilani ni mzee aliyemfundisha kazi Minneapolis, na swali ambalo mzee yule alilitanguliza kila mara: harufu inaanza lini?

Mafundi wengi huuliza tu inanukaje. Wakijibiwa “kama kitu kinaungua”, hubadilisha chujio, huandika risiti, haoo. Mzee alilizima tanuri, akalingoja lipoe, akaliwasha upya macho yakiwa kwenye saa ya mkononi. Kwanza huzunguka feni ndogo ya kutoa moshi. Kisha kiwashio huwa chekundu kama kaa, gesi hufunguka, moto hushika. Feni kubwa hukawia, aghalabu nusu dakika au zaidi, ndipo isukume hewa. Harufu ya plastiki ikija pamoja na feni hiyo, mzee alikwenda moja kwa moja kwenye mota na nyaya zake. Vumbi lililotuama majira ya joto huungua tanuri linapowashwa mara ya kwanza Oktoba, likaisha baada ya saa moja au mbili. Harufu ikifika siku ya pili, tafuta kingine.

Ikiwa kali na kuwasha macho, mzee alipiga magoti atazame miali. Huenda gesi haiungui yote, na hapo ndipo kaboni monoksidi huzaliwa. Tena alisisitiza miali itazamwe feni kubwa inapoanza: ikiyumba papo hapo, ukuta wa chuma unaotenganisha moto na hewa ya vyumbani unaweza kuwa umepasuka.

Juu ya hatari hiyo fundi huyu aligombana na mwajiri wake mmoja, aliyeagiza kwamba kila Oktoba wateja wajibiwe kwa simu: ni vumbi, fungueni madirisha. Alikataa. Kisii, mama yake hakuruhusu kamwe jiko la makaa lilale chumba kimoja na watoto. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni; anayesikia vumbi huenda anavuta vyote viwili. Aliacha kazi ile, na mpaka leo hajabadili msimamo.

Vijana anawaambia waziwazi: pua haitoshi, bebeni kipimo. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksidi ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Ikaguliwe kabla ya kufungua kifuniko chochote.

Harufu ya mayai yaliyooza haina mjadala. Gesi asilia yenyewe hainuki. Tarehe 18 Machi 1937, gesi iliyovuja chini ya shule ya New London, Texas, ililipuka ikaua watu takriban 300, wengi wao wanafunzi, ndipo Texas ikaamuru gesi itiwe harufu. Ukiisikia usiguse swichi, usiwashe wala usizime. Toeni watu, pigeni simu mkiwa mbali na nyumba. Mfereji wa sakafuni besimenti ukikauka nao hunuka karibu hivyo, lakini huo hukaguliwa baada ya watu wa gesi kupima na kuruhusu wenyeji warudi ndani.